Mabaki ya Ujenzi ni Mali, Lakini Yana Mwenyewe

Huenda karibu na kijiji chako amekuja mkandarasi. Anajenga barabara, au daraja, au ghala la mazao. Amezungusha uzio wa mabati. Malori yanaingia na kutoka. Usiku taa za kambi zinawaka mpaka asubuhi.

Tazama nyuma ya kambi hiyo. Utaona lundo. Kuna mbao zilizoshikwa na zege, vipande vya nondo, mirunda iliyokatwa, matofali nusunusu na mapipa matupu. Kazi ikiisha, tingatinga hulifukia lundo hilo, au hutiwa moto. Na wakati huohuo darasa la shule ya kijiji halina sakafu, na choo cha zahanati hakina mlango.

Katika somo hili tutajifunza namna ya kuyapata mabaki hayo kwa njia ya halali. Tena tutajifunza kipi kinafaa kujengea na kipi ni hatari.

KWA NINI MKANDARASI HUTUPA MALI

Wako wanaosema, "Hawa wana fedha nyingi mno, ndiyo maana wanatupa." Sivyo. Mkandarasi hutupa kwa sababu amepiga hesabu.

Chukua nondo. Nondo huuzwa zikiwa na urefu wa mita 12. Tuseme daraja linahitaji vipande vya mita 3 na nusu. Nondo moja itatoa vipande 3, yaani mita 10 na nusu. Kipande cha mita 1 na nusu kitabaki. Kwake yeye kipande hicho hakina kazi.

Chukua na mbao za boksi. Hizi ni mbao za kushikilia zege mpaka ligande. Zikitumika mara chache hupinda na kupasuka pembeni. Haziwezi tena kutoa nguzo iliyonyooka. Kuzirudisha mjini kunahitaji lori, dizeli na dereva. Zaidi ya hayo, mikataba mingi humtaka mkandarasi aache mahali pasafi kazi inapokwisha. Basi kwake kufukia ni rahisi kuliko kubeba.

Kwa hiyo mkienda kuomba, msiende kwa unyonge. Mnampunguzia kazi. Lakini nendeni mapema, wakati ujenzi ungali unaendelea. Wiki ya mwisho tingatinga huwa limekwisha kupita.

YANA MWENYEWE

Kitu kilichotupwa si lazima kiwe hakina mwenyewe. Hapa ndipo wengi hupata matatizo.

Katika kijiji kimoja ninachokitembelea kikazi, baba mmoja aliambiwa na nyapara, "Mzee, chukua tu hivyo vipande." Akafunga vipande 9 vya nondo kwenye baiskeli yake. Njiani akakutana na askari. "Umepata wapi?" "Nimepewa." "Na nani?" Mzee alijua jina la utani tu. Nyapara alipoulizwa alikana, kwa kuwa aliogopa kufukuzwa kazi. Mzee alilala mahabusu siku 2. Alitoka kwa dhamana, lakini nondo hakuziona tena.

Sheria ya nchi yetu inampa polisi uwezo wa kumkamata mtu aliye na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Mtu huyo hutakiwa aeleze aliipataje. Maneno matupu ni maelezo dhaifu. Karatasi yenye jina, tarehe, sahihi na muhuri ina nguvu. Wala usidhani askari hukaza macho bure. Reli ya kisasa ilianza kujengwa mwaka 2017, na mwaka 2024 treni zake zikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Katika miaka ya ujenzi huo mafuta, nyaya na nondo viliibwa, na baadhi ya watu walifikishwa mahakamani.

Kabla ya kuomba, jiulizeni kitu hicho ni cha nani.

Mabaki ya vifaa ambavyo mkandarasi amenunua mwenyewe, kwa kawaida ni yake. Mwenye kuyatoa ni meneja wa mradi. Nyapara, dereva na mlinzi hawana mamlaka hayo, hata wakiwa watu wa kwenu.

Vitu vilivyobomolewa kwenye jengo la zamani ni mambo mengine. Mabati ya shule ya Serikali ni mali ya umma, hata yakiwa na kutu. Mkandarasi hawezi kuyagawa, na mwalimu mkuu naye hawezi. Mali ya umma ina utaratibu wake wa kuondolewa. Ulizeni kwa Mtendaji wa Kijiji, naye ataandika kwa Halmashauri ya Wilaya.

Tena vifaa vya miradi mingine vimeingizwa nchini kwa msamaha wa kodi. Vikiuzwa bila kufuata taratibu za Mamlaka ya Mapato ni kosa. Na mtu akikuletea saa 4 usiku mifuko ya saruji isiyofunguliwa, kwa nusu ya bei ya dukani, hayo si mabaki. Unajua ni nini.

BARUA YA KUOMBA

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kazi hii ni yako. Usisubiri kijana wa sekondari arudi likizo. Barua ya kuomba mabaki haihitaji maneno makubwa. Soma mfano huu, kisha ujaze nafasi zilizoachwa:

Serikali ya Kijiji cha ....................
S.L.P. ....................
Tarehe ....................

Meneja wa Mradi,
Kambi ya ....................

YAH: OMBI LA MABAKI YA VIFAA VYA UJENZI

Tafadhali husika na somo hilo hapo juu.

Kijiji chetu kinajenga darasa la shule ya msingi kwa nguvu za wananchi. Tunaomba mabaki ambayo huyahitaji tena, yaani vipande vya nondo vya urefu wa sentimita 145 au zaidi, mbao za boksi, na zege lililovunjwa.

Tutakuja kuyachukua wenyewe siku utakayotupangia. Hatutaingia katika eneo la kazi bila ruhusa. Tunaomba pia tupewe hati inayoonyesha aina na idadi ya vitu tutakavyopewa.

Tunatanguliza shukrani.

....................
Mwenyekiti wa Kijiji

Andikeni nakala 2. Moja mpeni meneja. Nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa, irudi katika jalada la kijiji.

Siku ya kuchukua mtapewa hati ya kutolea vitu. Isomeni pale pale getini, polepole, hata kama dereva wa trekta anapiga honi. Kama hati inasema nondo vipande 40, hesabuni 40. Zikiwa 52, ombeni irekebishwe kabla ya kutoka. Kama chini ya orodha kuna mistari mitupu, pigeni msitari wa mshazari juu yake ili mtu asije akaongeza kitu baadaye. Mwenye simu ya kamera aipige picha hati hiyo. Hati yenyewe isafiri na mzigo, isitangulie wala kufuata nyuma.

NONDO

Katika lundo lote, nondo ndiyo yenye thamani kubwa kwa kijiji. Hebu tupige hesabu.

Dirisha lina upana wa sentimita 120. Juu yake huwekwa linta (mafundi wengi husema lenta) ya kubeba matofali ya juu. Linta ikae juu ya ukuta sentimita 15 kila upande. Urefu wake ni 120 + 15 + 15 = sentimita 150. Nondo za ndani ziwe fupi kidogo ili zege lizifunike pande zote zisipate kutu. Basi zikatwe sentimita 145.

Linta moja iwe na nondo 4 za milimita 12. Darasa lenye madirisha 6 linahitaji nondo 24 za sentimita 145. Mkinunua dukani, nondo ya mita 12 hutoa vipande 8. Mtanunua nondo 3. Uliza bei ya nondo moja katika duka la karibu, uzidishe kwa 3. Hizo ndizo fedha zilizokuwa zinafukiwa na tingatinga.

Lakini vipande vilivyo vifupi mno visiwadanganye. Nondo mbili zikiungwa, lazima zipishane. Kipimo salama ni mara 50 ya unene wake. Kwa nondo ya milimita 12, hiyo ni milimita 600, yaani sentimita 60. Sasa chukua vipande viwili vya sentimita 80. Jumla ni 160. Ondoa 60 zilizopishana. Mmebaki na sentimita 100 tu, na dirisha lenu halifikiwi. Vipande kama hivyo havifai kwa linta. Mafundi wapo watakaowaambia vipishane kiganja kimoja inatosha. Haitoshi, na kosa hilo hujificha ndani ya zege mpaka siku linta inapopasuka juu ya vichwa vya watoto.

Nondo iliyopinda inyoosheni ikiwa baridi, taratibu. Msiitie motoni kwa mhunzi, kwa kuwa moto hupunguza nguvu ya nondo za aina nyingi. Ikiwa ilikunjwa kwa kona kali, kateni sehemu hiyo mwitupe. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa si tatizo. Kutu inayobanduka kama maganda ipigwe brashi ya waya. Kama chini yake nondo imekonda, hiyo haifai tena kubeba mzigo. Itumieni kwa kigingi cha mbuzi.

MBAO NA MIRUNDA

Mbao za boksi huja na misumari. Kabla ya jambo lolote, ng'oeni misumari yote. Msumari wenye kutu ukichoma mguu huweza kuleta pepopunda, na pepopunda huua. Aliyechomwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati siku hiyohiyo. Asingoje kuona kama kitavimba. Watoto wasitumwe kazi hii, na wakubwa wasiifanye kwa kandambili.

Misumari iliyong'olewa msiitupe. Iwekeni juu ya jiwe, igongeni kwa nyundo mpaka inyooke. Itafaa kwa vizimba vya kuku na milango ya banda. Kwa kenchi za paa nunueni mipya.

Saruji iliyoganda kwenye ubao ikwanguliwe kabla ya kupasua, la sivyo seremala atawadai bei ya kunoa msumeno.

Kisha nuseni ubao. Mafundi hupaka mbao za boksi oili chafu ya magari ili zege lisinate. Mbao hizo ni nzuri kwa milango ya choo, uzio na ngazi za fundi. Hazifai kwa kabati la vyombo, kihenge cha nafaka au meza ya kulia.

Kuna na mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani za kuezekea. Nyingi zimetiwa dawa yenye sumu ili mchwa wasizile. Mojawapo ya sumu zinazotumika inaitwa aseniki. Vipande vya mbao hizi ni imara sana, na mkivipata mmebahatika. Lakini kina mama, na akina baba mnaochoma nyama, sikilizeni. Vipande hivi visitumike kwa kuni. Moshi wake una sumu, na majivu yake yana sumu zaidi. Majivu hayo yasimwagwe bustanini wala yasioshee sufuria. Mabaki madogo yasiyofaa kitu ni heri yakazikwa mbali na kisima.

ZEGE, MATOFALI NA SARUJI

Zege lililovunjwa na matofali nusunusu watu huyadharau. Mimi nayapenda, kwa sababu hayana mashaka. Yapondeni yawe ya ukubwa wa ngumi, yapangeni chini ya sakafu, myashindilie. Darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina eneo la mita za mraba 48. Kwa unene wa sentimita 15 mtahitaji 48 × 0.15 = mita za ujazo 7.2. Kama tela la trekta lenu hubeba mita 3, ni safari 3. Kwa toroli la lita 60, ni safari 120. Kijiji chenye watu 40 watakaojitolea, kila mmoja atapiga safari 3 tu.

Huenda pia mtaona vipande vya zege vilivyo kama sanduku dogo, kila upande sentimita 15. Kimoja kina uzito wa kilo 8 hivi. Wapimaji huvitengeneza ili kujua nguvu ya zege. Huvivunja kwa mashine, mara nyingi baada ya siku 7 na siku 28. Vinafaa kwa njia ya kukanyagia wakati wa matope. Msivifanye mafiga. Zege lenye unyevu likipata moto mkali huweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande vya moto.

Saruji iliyobaki kwenye mfuko uliofunguliwa ichunguzeni kwa mkono. Mabonge yakivunjika kwa vidole, inaweza kufaa kwa kazi ndogo kama kuziba mashimo ya sakafu ya ua. Mabonge yakiwa magumu kama mawe, saruji hiyo imekwisha kufa. Kuiponda na kuichekecha hakuifufui. Hata ile ya mabonge laini isitumike kwa linta, nguzo wala mfuniko wa choo. Saruji iliyokaa zaidi ya miezi 3 huanza kupungua nguvu, hata mfuko wake ukionekana mzima.

Karatasi ya mfuko wa saruji wengi wetu tulijalidia madaftari. Si vibaya. Ikung'uteni kwanza nje, mkiupa upepo mgongo, kwa maana vumbi lake huumiza macho na kifua.

VITU VYA KUACHA PALEPALE

Mapipa matupu huvutia sana. Pipa la lami likikunjuliwa hutoa bati zuri la mlango au uzio. Lakini pipa la dawa za zege, rangi au mafuta lisiwekwe maji ya kunywa, pombe wala mbegu, hata likioshwa mara kumi. Someni kibandiko. Kama kimeandikwa kwa lugha msiyoijua, tazameni alama. Fuvu la kichwa maana yake ni sumu. Mwali wa moto maana yake huwaka. Mkono unaodondokewa na matone maana yake hula ngozi. Na pipa lililokuwa na petroli au dizeli lisikatwe kwa gesi wala kwa mashine ya cheche. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Kitu kingine ni mabati ya asbesto. Yana rangi ya kijivu, ni mazito, yana mawimbi, na yakivunjika yanafanana na saruji yenye nyuzi. Majengo mengi ya zamani, shule na hospitali, yaliezekwa kwa mabati hayo. Yakikatwa, yakitobolewa au yakivunjwa hutoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo huingia mapafuni likakaa humo. Ugonjwa wake huja baada ya miaka 20 au zaidi, wakati mtu amekwisha kusahau alibomoa nini. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Mkiyaona kwenye lundo, msiyaguse. Msiyafanye banda la kuku, wala sahani ya kunyweshea ng'ombe. Mwambieni Mtendaji atoe taarifa kwa afisa mazingira wa wilaya.

VITU VIKIFIKA KIJIJINI

Ugomvi mwingi huanzia hapa, si kambini. Kila mtu aliyebeba anataka afike kwake na ubao mmoja. Kwa hiyo kabla ya kwenda, mkutano wa kijiji uamue mabaki ni ya kazi gani, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Barua yenu ilisema darasa. Zikionekana nyumbani kwa Mwenyekiti, meneja hatawapa tena, naye ana haki.

Tafuteni daftari moja. Lichoreni safu 5: tarehe, kitu, idadi, aliyeleta, aliyepokea. Ukurasa wa pili uwe wa vitu vinavyotoka, pamoja na kazi vilikokwenda. Mtunza daftari asiwe ndiye mtunza ufunguo. Nondo zilazwe juu ya magogo, zisiguse udongo. Mbao zipangwe kwa kuachiana nafasi ndogo ili upepo upite, na mchwa waonekane mapema.

ZOEZI

1. Nani mwenye mamlaka ya kutoa mabaki ya mkandarasi? Na mabati ya zahanati ya Serikali je?

2. Zahanati ina madirisha 5. Kila dirisha lina upana wa sentimita 90. Linta ikae sentimita 15 kila upande, na nondo ziwe fupi kwa sentimita 5 kuliko linta. Kila nondo ikatwe sentimita ngapi? Kwa nondo 4 kila linta, mnahitaji vipande vingapi?

3. Hati imeandikwa "mbao 30". Mmehesabu 27. Mtafanya nini kabla ya kutia sahihi?

4. Jirani yako ameleta vipande vya mbao za kijani kwa ajili ya kupikia ubwabwa wa msiba. Mwandikie maneno machache ya kumwonya, kwa adabu.

5. Nakili barua ya mfano katika daftari lako. Badala ya darasa, andika kazi ambayo kijiji chako kinaihitaji kweli. Ilete darasani ikiwa na tarehe.